Meno Yalipima Kabla ya Maabara

Ukitoka Moshi kwenda Arusha kwa barabara kuu, ukishaipita njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unafika mahali panapoitwa Maji ya Chai. Daladala husimama, abiria hushuka na mizigo yao, na chini ya daraja unapita mto mwembamba uliozaa jina hilo. Maji yake ni ya kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa ndani ya birika. Rangi hiyo hutokana na majani na mizizi inayooza kwenye misitu na madimbwi ya Mlima Meru. Maji huibeba njiani kama yanavyobeba rangi ya majani ya chai. Upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huohuo unashuka mto mwingine, Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu.

Waliotoa majina hayo walitumia kipimo walichokuwa nacho, yaani jicho, na jicho halikuwadanganya. Maji yale kweli yana rangi. Lakini kilichokuwa kinawadhuru watu hakikuwa rangi. Kilikuwa floraidi, nayo haionekani, hainuki, na ulimi hauitambui. Ukichemsha maji, mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani. Ukiyachuja kwa kitambaa, inapita pamoja nayo. Ukiyaacha mtungini yatulie usiku kucha, asubuhi utayakuta yameng'aa, nayo imo vilevile.

Kipimo cha kwanza kilichoigundua kilikuwa meno ya watoto.

Mtu aliyekulia Arusha au kwenye vijiji vya Meru analijua hili. Akisafiri kwenda Dar es Salaam au Mwanza, akicheka, kuna atakayemwuliza kama ametokea Arusha. Meno yana michirizi myeupe kama chaki, au mabaka ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi yana vishimo na humegeka. Wapo waliozoea tangu darasa la kwanza kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Katika maandishi ya wataalamu hali hiyo huhesabiwa kuwa ya urembo tu, dalili nyepesi isiyoua mtu. Sikubaliani nao. Kwa msichana wa miaka 15, jino lake la mbele si jambo jepesi, na kwa yeyote anayejua kuyasoma meno hayo, ni taarifa kamili ya maji aliyoyanywa akiwa mtoto mchanga.

Kujifunza kuyasoma kulichukua miaka 30, na kulianzia mbali sana na Meru.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay alifungua chumba cha kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, chini ya mlima wa Pikes Peak. Alishangaa kuona wenyeji wengi wana meno ya kahawia, wengine kahawia iliyokolea kama chokoleti. Alipekua vitabu vya fani yake asikute chochote. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabovu, wengine chokaa iliyomo kwenye maji. Mwaka 1909 alifanikiwa kumvuta G.V. Black, mmoja wa wakubwa wa udaktari wa meno wa zama zile, aje ajionee. Watoto wa shule walikuwa wameshakaguliwa, na karibu asilimia 90 ya waliozaliwa pale walikuwa na mabaka.

Katika miaka iliyofuata waliona mambo mawili ambayo yangali msingi wa elimu hii hadi leo. La kwanza, mabaka yaliwapata wale tu waliokunywa maji ya pale wakati meno yao ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia na meno yaliyokwisha kukomaa, hata akae miaka mingi, hayakubadilika. La pili lilikuwa la ajabu: meno yale yaliyochafuka rangi hayakuoza upesi kama meno meupe ya miji mingine. Black alifariki mwaka 1915, na McKay akaendelea peke yake.

McKay aliyashuku maji. Akayapeleka yapimwe, na majibu yakarudi kwamba maji hayana tatizo. Akayapeleka tena ya mji mwingine, jibu likawa lilelile. Naomba msomaji atulie hapa, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha kazi ya kupima maji. Maabara haikusema uongo. Ilipima vile vilivyozoeleka kupimwa siku zile, ikaviona viko sawa, ikaandika kwamba maji ni safi. Hakuna aliyekuwa ameiuliza habari za floraidi, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba floraidi inaweza kuwa ndani ya maji ya kunywa kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Karatasi ya maabara inayosema maji ni salama husema tu kwamba vile vilivyotafutwa havikupatikana.

Mwaka 1923 McKay aliitwa aende Oakley, kimji cha jimbo la Idaho. Wazazi pale walieleza kwamba watoto wao walianza kutoka meno ya kahawia muda mfupi baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu, maili tano hivi kutoka mjini. McKay aliyapima maji ya chemchemi ile na, kama kawaida, hakuona kitu. Lakini alithubutu kushauri. Aliwaambia waliache bomba lile na watumie chemchemi nyingine iliyokuwa karibu. Wakamsikiliza. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley walianza kutoka meno meupe. Bila namba yoyote mkononi, mji mzima ulikuwa umeponywa kwa kuyaamini meno.

Aliyeipata namba alikuwa mtu mwenye wasiwasi wa kibiashara. Bauxite, katika jimbo la Arkansas, ulikuwa mji wa wachimbaji wa kampuni kubwa ya alumini, Alcoa. Mwaka 1909 mji huo uliacha visima vyake vifupi ukachimba virefu, na watoto waliokua baada ya hapo wakawa na meno ya mabaka. McKay, pamoja na daktari wa serikali Grover Kempf, walikwenda kuwaona na wakaandika ripoti. Ripoti ilipomfikia H.V. Churchill, mkuu wa wanakemia wa kampuni hiyo huko Pennsylvania, ilimtia hofu. Siku zile watu walikuwa tayari wanadai kwamba sufuria za alumini zina sumu. Ikisikika kwamba mji wa alumini una watoto wenye meno mabovu, nani angenunua sufuria?

Churchill akaagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa spektrografu, chombo ambacho hukipa kitu joto kali hadi kikatoa mwanga, kisha hupasua mwanga huo kuwa mistari. Kila elementi ina mistari yake, kama kila ng'ombe alivyo na chapa ya mwenyewe. Faida ya chombo hicho ni kwamba hakingojei kuulizwa. Kilichomo kwenye maji hujitaja chenyewe. Na ndani ya mwanga wa maji ya Bauxite ulionekana mstari wa florini, elementi inayozaa floraidi. Churchill hakuamini. Alidhani sampuli imechafuliwa njiani, akataka iletwe nyingine iliyochotwa kwa uangalifu zaidi. Ikaletwa. Mstari ulikuwa palepale. Kiasi kilichopatikana kilikuwa miligramu 13.7 kwa lita.

Mwanzoni mwa mwaka 1931 alimwandikia McKay kumweleza. Mwaka huohuo Margaret Cammack Smith na wenzake huko Arizona, na H. Velu katika Afrika ya Kaskazini, walifikia jibu hilohilo kila mmoja kwa njia yake. McKay alikuwa ametafuta kwa miaka 30, na alichokitafuta kilikuwa kimepita mikononi mwake kila alipoziba chupa ya sampuli.

Kuanzia hapo swali lilibadilika. Haikutosha tena kujua kwamba kitu kimo. Ilibidi kujua ni kiasi gani. Serikali ya Marekani ilimpa kazi hiyo daktari wa meno H. Trendley Dean, naye akamwomba mwanakemia Elias Elvove atengeneze kipimo chepesi kuliko spektrografu. Elvove alichanganya zirkoni na rangi ya alizarini, mchanganyiko wenye wekundu. Floraidi ikiingia humo inaipokonya rangi ile zirkoni yake, na wekundu unafifia. Maji yenye floraidi nyingi hufifisha zaidi. Unapanga mirija ya kioo yenye maji unayoyajua kiasi chake, unaweka ya kisima katikati, unalinganisha kwa macho. Kwa njia hiyo Elvove aliweza kutambua hadi sehemu ya kumi ya miligramu katika lita moja. Rangi iliyoyavuta macho ya watu mtoni sasa ilikuwa imefanywa shahidi.

Dean alizunguka na kipimo hicho, na kufikia mwaka 1942 alikuwa na hesabu ya watoto 7,257 kutoka miji 21. Penye miligramu 1 hivi kwa lita, meno yalikuwa imara na mabaka yalikuwa machache mno. Kadiri kiasi kilivyopanda, mabaka yalizidi. Dawa za meno tunazonunua dukani leo zina floraidi kwa sababu ya hesabu hiyo. Mtu anayesema floraidi ni sumu tu na yule anayesema ni dawa tu, wote wawili hawajauliza swali la Dean.

Sasa turudi darajani. Mwaka 1984 J.T. Nanyaro na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa maji ya kaskazini mwa Tanzania. Mto Maji ya Chai walioupima ulikuwa na miligramu 12 hadi 14 kwa lita.

Miligramu 13.7 za Bauxite zimo ndani ya kipimo hicho. Ni maji ya aina moja kwa kigezo hicho, yamepimwa kwenye mabara mawili. Lakini watu wa Bauxite walikuwa wameshaviacha visima vyao virefu hata kabla Churchill hajajua kilichomo. Watu wa Maji ya Chai waliendelea kuchota kizazi baada ya kizazi, wakiogeshea watoto, wakipikia ugali, wakichanganyia uji. Kila ninapoziona namba hizo mbili zimesimama pamoja nasikia uchungu, kwa sababu elimu haikuwa siri. Ilikuwa imechapishwa zaidi ya miaka 50 kabla.

Engare Nanyuki ilikuwa mbaya zaidi: miligramu 21 hadi 26. Katika maziwa ya Momella, ambako watalii huenda kutazama heroe ndani ya hifadhi ya Arusha, kiasi kilifikia 690. Ukivuka mpaka, Ziwa Nakuru limewahi kuandikwa kuwa na 2,800. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo ya magadi, lakini yanaonyesha ardhi hii imejaa nini.

Sababu ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba yake, kama ya majirani zake wa Bonde la Ufa, imejaa sodiamu na ina uhaba wa kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayoikamata floraidi na kuigeuza kuwa jiwe lisiloyeyuka. Maji ya mvua yanapopenya majivu ya kale ya volkano yanabeba floraidi, na yasipokutana na kalsiamu ya kutosha, yanatokea kwenye chemchemi nayo yote. Ndiyo maana mtu hawezi kubahatisha. Chemchemi mbili katika mteremko mmoja, umbali wa kutembea tu, zinaweza kutofautiana kabisa, moja ya kunyweshea mtoto na nyingine ya kumharibu. Kuchimba kisima kirefu nako si kinga. Huenda ukakutana na maji yaliyokaa na miamba ile muda mrefu zaidi.

Na ardhi hiyo si ardhi ya kuiacha hivihivi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi ya watu wake, na kesi hiyo imekaa kwenye historia ya kudai uhuru wa Tanganyika. Watu waliipigania ardhi hiyo kwa sababu ilikuwa na malisho, rutuba na maji. Kuwaambia watu kama hao wahame kwa sababu ya kitu kisichoonekana mtoni lisingekuwa jibu.

Madaktari walianza kuandika. Mwaka 1953 yalichapishwa maelezo ya meno ya watu wa Kenya, mwaka 1955 ya ng'ombe wa Jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Mwaka 1964 P. Grech na Michael Latham walichapisha habari za wagonjwa wa Jimbo hilohilo waliopigwa picha za eksirei, na picha zikaonyesha kwamba meno yalikuwa mwanzo tu. Mifupa imeumbwa kwa madini yaleyale ya meno. Mtu mzima aliyekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa yake huwa mizito kupita kiasi, kano zinazoiunganisha hukakamaa kama mfupa, na uti wa mgongo hukataa kuinama. Anageuka mwili mzima ili atazame nyuma. Kwa watoto huja matege: miguu inayopinda nje kama upinde, au magoti yanayogongana huku nyayo zikiachana. Kuna vijiji vya Meru na vya wilaya ya Hai ambako watoto wenye miguu hiyo walionekana kwa miongo mingi, na kwa kukosa maelezo, wazazi waliambiwa mengi, mengine ya kuwaumiza kuliko ugonjwa.

Kisha Tanzania ikalazimika kuchagua namba. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katikati ya miaka ya 1970, wakati nchi ilipokuwa inawahamishia watu kwenye vijiji na kuahidi maji kwa kila kijiji, viwango vya muda vya maji ya vijijini viliruhusu hadi 8. Ni zaidi ya mara tano. Ni rahisi leo kulaani uamuzi huo, na mimi mwenyewe niliusoma mara ya kwanza kwa hasira. Lakini walioketi kuuamua walikuwa na ramani ya Arusha, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga na Mara mbele yao. Wangeandika 1.5, visima vingi vingefungwa siku hiyohiyo, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara, maradhi yanayoua mtoto ndani ya wiki. Waliichagua hatari inayokuja polepole. Kosa lililofuata ni kwamba neno "muda" lilikaa mno. Kiwango kilishuka hadi 4, na ni katika karne hii ndipo kilipofikishwa 1.5. Mtoto aliyezaliwa kiwango cha 8 kilipoanza, leo ana wajukuu.

Baadhi ya watu hawakungoja kiwango kishuke. Huko Ngurdoto, juu kidogo ya barabara ya Momella, serikali iliweka kituo cha kutafiti namna ya kuiondoa floraidi kwenye maji. Oktoba 1995 kituo hicho kilipokea mkutano wa kwanza wa kimataifa wa watafiti wa kazi hiyo, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Eli Dahi wa chuo kikuu cha ufundi cha Denmark. Walijaribu njia kadhaa, na mbili ziliingia majumbani.

Ya kwanza ilitoka India, wilaya ya Nalgonda. Unatia shabu na chokaa kidogo kwenye ndoo, unakoroga kwa nguvu, kisha polepole, unaacha kwa saa moja hivi. Yanatokea mabonge mepesi kama pamba iliyolowa, yanashuka chini na sehemu ya floraidi, na maji ya juu unayatoa kwa koki iliyowekwa juu ya mashapo. Tatizo lake ni la kila siku: mama lazima apime shabu kila asubuhi, akizidisha maji yanakuwa na ukakasi, akipunguza floraidi inabaki.

Ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi mia kadhaa, kisha husagwa kuwa chenga na kujazwa kwenye ndoo au pipa. Ukiichoma kidogo, maji yatanuka. Ukiiunguza sana, inapoteza nguvu. Ikiiva sawasawa, inashika floraidi vizuri sana, na sababu yake imenikaa moyoni tangu niijue. Madini ya mfupa wa ng'ombe ndiyo madini ya mfupa wa mtoto. Chujio halifanyi ujanja wowote. Linafanya kile ambacho goti na jino vingefanya. Mfupa uliokufa unakunywa floraidi kwanza ili mfupa ulio hai usiinywe. Njia hiyo ilishika pia Kenya, ambako mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulianza kutengeneza machujio hayo mwaka 1998. Si wote walioipokea. Wapo walioona kinyaa kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, na wapo waliotaka kwanza kuhakikishiwa ni mifupa ya mnyama gani, swali la haki kabisa kwa Mwislamu.

Lakini mifupa hushiba. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea maji, haina tena pa kuweka floraidi, na maji yanaendelea kutoka yaking'aa kama siku ya kwanza. Hapo tunarudi kulekule kwenye kipimo.

Kipimo kinachotumika sana siku hizi kilitokana na kazi ya Martin Frant na James Ross, waliochapisha mwaka 1966 habari za elektrodi yenye kipande cha fuwele ya floraidi ya lantani kwenye ncha yake. Ukiitumbukiza kwenye maji, floraidi peke yake ndiyo inayoweza kupita ndani ya fuwele ile, na kupita kwake huzaa umeme mdogo unaosomeka kwa milivolti.

Tazama kazi yenyewe inavyofanywa. Fundi wa maji hufika kisimani na chupa za plastiki, si za kioo, kwa sababu floraidi na kioo havipatani. Huisuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho, huijaza, huandika juu yake kijiji, tarehe na saa kwa wino usiofutika. Maabara, kabla ya kugusa sampuli, huipima elektrodi yenyewe kwenye maji ya miligramu 1 na ya miligramu 10 yaliyotayarishwa. Baina ya hayo mawili, kwenye nyuzijoto 25, hatua lazima iwe milivolti 59 hivi. Ikiwa pungufu sana, elektrodi imechoka na siku hiyo hakuna kupima. Kisha sampuli huchanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kusawazisha. Wasio na subira huiona dawa hiyo kama gharama, na hapo ndipo wengi huharibu. Alumini na chuma huikumbatia floraidi, na elektrodi haiioni iliyokumbatiwa. Maji yaliyosafishwa kwa shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, yakipimwa bila dawa hiyo yanaweza kuonekana yamepona na hayajapona. Dawa huifungua mikono ya alumini. Fundi hukoroga taratibu, hungoja namba itulie, hufuta ncha kwa karatasi laini, huandika.

Kule kisimani, kabla hajaondoka, kuna mama atakayemsimamisha. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Haya maji yetu mnayaonaje?" Jibu ni lile la kila mara, kwamba majibu yatakuja. Mara nyingi majibu hufika wilayani yakaingia kwenye faili, na mwenye ndoo haambiwi. Nadhani hilo ni kosa kubwa kuliko elektrodi iliyochoka. Namba ile ni yake kwanza, maana ndiye atakayeamua maji ya uji yatoke wapi.

Hata chakula chenyewe kilikuwa na siri. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno waliona jambo lililowachanganya: sehemu za Kilimanjaro ambako maji yalikuwa na floraidi kidogo, na bado watoto walikuwa na mabaka makali. Ilibidi watoke kisimani waingie jikoni. Kwenye vyakula vya kule kama makande na kiburu walikuta magadi, yale mabonge yanayonunuliwa sokoni ili maharage yaive upesi na kuokoa kuni. Magadi hutoka kwenye ardhi na maziwa yaleyale ya volkano, na mengine yalijaa floraidi, kwa viwango vilivyotofautiana mno kutoka bonge moja hadi jingine. Mtu angeweza kupima kisima mwaka mzima, akaandika kwamba maji ni salama, na akawa kweli amesema sawa, huku mtoto akilishwa floraidi kwa kijiko.

Mambo yamesogea. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio ambalo hupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo. Yaani lazima maji yapimwe ndipo chujio litengenezwe. Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na floraidi ilikuwa moja ya sababu za kuutaka. Mabomba hayajafika kila boma la Engare Nanyuki.

Gamba la meno ya mbele ya ukubwani hujengeka katika miaka michache ya mwanzo, na jino hutokeza mtoto akiwa na miaka sita au saba. Maji anayopewa mtoto mchanga leo yataonekana mdomoni mwake atakapokuwa darasa la kwanza au la pili. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba ya Meru, kwa hiyo karibu hayana floraidi kabisa. Katika nyumba zilizoelezwa hilo, masika yanapoanza, mfereji wa bati hufungwa kwenye paa, na ndani, mbali na ndoo za kuogea na kufulia, huwekwa dumu moja lililofunikwa vizuri ambalo watoto wakubwa hukatazwa kuligusa. Ni la uji wa mdogo wao.